Kambare Niliyemfunga Kiunoni

Mwanangu Kabula,

Sikuulizi hali, maana hali yako naijua. Asubuhi umekunywa uji bakuli mbili, ukanisaidia kuanika michembe, viazi vyako vikavu vya safari, kisha ukajifunga kanga ukaenda kwa bibi yako kumuaga. Sasa hivi jua limeanza kulegea. Nimekaa kizingitini, karatasi iko juu ya sanduku lako la bati, na kalamu ni hii ya wino wa bluu uliyoniachia uliposema, "Mama, jifunze kuniandikia." Basi naanza leo, kabla hujatoka hata mlangoni.

Mambo ya kufua, ya sabuni, ya kutolala na nywele mbichi, sitayaandika. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka nimekuona ukiyatamka pamoja nami midomo ikicheza. Kesho alfajiri lori la pamba litatupitisha barabarani, tutafika stesheni ya Shinyanga, utapanda treni ya kwenda sekondari na mimi nitarudi. Najua nikisimama pale nitasema maneno ya kijinga tu, kama "kalia sanduku lako." Haya mengine sitayaweza kwa mdomo. Hayajawahi kutoka mdomoni mwangu.

Nilipokuwa nafungasha vitu vyako mchana nimeinua godoro kutafuta ile shuka ya pili. Nimelikuta daftari la Minza.

Nimelijua kabla sijalifungua. Ni lile la hesabu, jalada la kijani, jina lake ameliandika kwa herufi kubwa na ule mkia anaoutia kwenye herufi ya mwisho. Ndilo alilolitafuta wiki mbili kabla ya mtihani. Alikuja hapa akalia kwenye kizingiti hikihiki nilichokalia, nikampa uji, hakunywa. Na wewe ulikwenda naye shuleni jioni ile mkalitafuta. Uliniambia mwenyewe kwamba mmeinama chini ya madawati yote ya darasa la saba. Umeinama pamoja naye, Kabula.

Sikukuita. Sikuja mbio kwa bibi yako na daftari mkononi. Nimelipangusa vumbi, nikaliweka hapa pembeni yangu, na moyo umenienda mbio kama mtu aliyekutwa na kosa lake yeye. Kwa sababu nilichokiona chini ya godoro si daftari peke yake. Nimemwona samaki.

Wewe umeniuliza mara nyingi, tangu unajua kuuliza, kwa nini unaitwa Kabula. Kabula ni jina la aliyezaliwa mvua ikinyesha, na wewe umezaliwa mwezi wa sita, uwele umeshaingia ghalani, hakuna hata wingu la kufunika jogoo. Wenzako wakakucheka. Mimi nikakwambia nililipenda tu. Ukaniuliza pia juu ya kovu hili la kidole gumba, nikakwambia ni mundu. Si mundu, na wala si kwamba nililipenda tu. Leo nitakwambia yote mawili, na ukiona nimeandika pole pole ujue ni darasa la nne langu hilo, ndipo nilipoishia, na pia ni aibu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Baba yako alikuwa Geita. Mgodi wa wazungu ulikuwa umeshafungwa, lakini yeye na wenzake walibaki kufukua mashimo ya zamani, akija nyumbani mara moja baada ya miezi mingi. Mimi nilikuwa mkwe mpya katika mji wa bibi yako, na bibi yako wa siku zile hakuwa huyu anayekupasulia karanga. Kila nilichopika alikionja, akanyamaza, akasukuma bakuli. Kunyamaza kwake kulikuwa kama fimbo.

Rafiki yangu alikuwa mmoja, anaitwa Kabula. Alikuwa ameolewa mji wa pili, boma la jirani, amenizidi kama miaka minne, na alikuwa na mtoto wa kike, Milembe. Kabula alikuwa mrefu, mwenye mwanya, akicheka anafunika mdomo kwa kiganja kana kwamba kicheko kitamtoroka. Yeye ndiye aliyenionyesha njia ya kisimani, na jinsi ya kuamkia wakubwa wa pale bila kukosea nani aanze. Usiku wa harusi yangu nililia, na asubuhi yeye ndiye aliyenichekesha.

Mwaka ule kiangazi kilivuta mpaka kikapitiliza. Mwezi wa kumi ulikuwa unakwisha, mawingu yalikuwa yakija mchana yanatutazama halafu yanaondoka. Mbuga ilipasuka nyufa ambazo mbuzi aliweza kuvunjikia mguu. Lambo la ng'ombe lilikauka kutoka kingo mpaka likabaki dimbwi la katikati, tope zito lenye rangi ya chai ya maziwa. Wazee walipoona ng'ombe hawawezi tena kunywa pale, walitoa ruhusa. Ruhusa ikitoka, wanawake wanaingia kuvua. Hungojei kesho, maana kesho ni ya korongo na kunguru.

Hujawahi kuona uvuvi ule, lambo lile siku hizi limejaa mchanga. Kila mwanamke anakuwa na tenga refu la fito, wazi juu na wazi chini. Unalichoma kwenye tope mbele yako, unasikiliza kwa mikono. Ukisikia kitu kinagonga fito, unaingiza mkono kwa juu mpaka begani unapapasa. Tunavua wawili wawili. Kapu la samaki ni moja kwa watu wawili, na mkitoka mnagawana njiani kabla ya kufika nyumbani. Mmoja anagawa mafungu, mwingine anachagua kwanza. Ndiyo desturi yenyewe, haina maneno mengi. Anayegawa vibaya anajipunja mwenyewe. Na kinachotoka kwenye tope, hata kiwe kidogo kama kidole, kinaingia kapuni. Hiyo haisemwi kabisa, kwa kuwa hakuna aliyefikiri inahitaji kusemwa.

Kabula alinipitia asubuhi. "Mwangaluka, mayu!" aliniamkia kutoka nje ya boma. "Toka, korongo wameshakula fungu lako."

Njiani nilimwambia. Nilikuwa sijamwambia mtu. Nilimwambia nimepitisha miezi miwili, na asubuhi natapika, na usiku naota samaki, kambare mnene wa kuchemsha na mchuzi wake mzito, mpaka naamka nimelowesha mto kwa mate. Alisimama pale njiani na tenga kichwani akafunika mdomo akacheka. Huyo mtoto alikuwa wewe. Yeye ndiye mtu wa kwanza duniani kukufurahia.

Kisha na yeye akaniambia lake, na hakucheka. Milembe alikuwa hali chakula vizuri tangu aachishwe ziwa. Miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu kama za mahindi. Nesi wa zahanati amemwambia uji mtupu hautoshi, ampe maziwa au samaki. Ng'ombe wa kwao walikuwa wamekwenda na wachungaji mbali kutafuta majani. "Kwa hiyo leo," akasema, "ninavua dawa."

Nilimsikia, mwanangu. Sikuwa mbali, upepo haukuvuma. Nataka ujue hilo kabla hujasoma yanayofuata.

Tulivua mpaka jua likawa utosini. Wanawake walikuwa kama thelathini, tope mpaka nyusi, hamjuani isipokuwa kwa sauti. Kulikuwa na mama mmoja mnene, Mama Shija, ambaye hakunyamaza tangu aingie. Aliniona napapasa ndani ya tenga nimefumba macho, akapaza sauti, "Mkwe wa watu, hilo ni lambo, si mfuko wa mume! Shika kwa nguvu!" Lambo zima likacheka. Kabula akamjibu, "Mwache, mama, wewe mwenyewe tangu asubuhi umeshika vyura watatu tu, na mmoja ameposwa!" Nilicheka mpaka nikaketi kwenye tope. Sijui kama nimewahi kucheka vile tena. Unapouliza furaha yangu ya ujana ilikuwa wapi, ilikuwa pale, kwenye tope, masaa machache.

Lakini tulichopata kilikuwa kidogo. Perege wa kiganja, kambare wembamba kama mpini wa kijiko. Waliokuwa katikati walipata wakubwa, sisi tulikuwa pembeni. Watu wakaanza kutoka. Kabula akasema anakwenda kwenye kile kisima kidogo cha ukingoni kunawa uso, chumvi ya jasho ilikuwa imemwingia machoni. "Choma mara moja ya mwisho," akaniambia, "ya kumuaga mwenye lambo."

Nikachoma mara moja ya mwisho.

Fito zilitikisika mpaka mikono ikafa ganzi. Nikaingiza mkono, nikamgusa, nikajua si kama wale wengine. Alikuwa kambare wa urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, kichwa kipana kama sahani. Wale wana miiba miwili ubavuni. Nilipomshika alinichoma kidole gumba mpaka mfupani, nikauma mdomo sikupiga kelele. Kwa nini sikupiga kelele? Mtu akishika samaki kama yule anapiga kigelegele, lambo zima linajua. Mimi nilinyamaza. Ndiyo maana siwezi kusema nilipitiwa. Kabla sijafikiri nimfiche, mdomo ulikuwa umeshaamua.

Nikageuka. Kabula alikuwa ameinama kwenye kisima, amenipa mgongo. Nilimwona bibi yako akisukuma bakuli. Niliona mchuzi mzito. Sikumwona Milembe, nilikataa kumwona. Nilimviringisha kambare na tope lake ndani ya kanga ya ndani, nikamfunga kiunoni, nikajitanda ile ya juu. Nikatoka majini nimekunja mabega kama mtu mwenye baridi, mchana ule wa jua.

Tuligawana kwenye njia panda, pale penye kichuguu chekundu. Kabula alimwaga samaki juu ya majani, akapiga magoti, akaanza kupanga mafungu mawili. Alikuwa mwangalifu. Anaweka mmoja huku, anamtazama, anatafuta mwenzake wa kulingana naye huku. Damu ilikuwa inanitiririka kidoleni, akaiona. Hakuuliza. Akachana ukingo wa kanga yake, kanga aliyokuwa nayo ni hiyo moja ya kutokea, akanifunga kidole. Akasema, "Wadogo ndio wenye miiba mikali." Amenitafutia maneno hata ya uongo wangu, mwanangu. Sikuhitaji hata kuyatunga.

Na kambare, mwanangu, hafi upesi. Samaki wengine wakitoka majini wanakata roho, yeye anakaa nje nusu siku anapumua. Nilikuwa nimesahau hilo, au tamaa ilinisahaulisha. Nilipoinama kuchagua fungu langu, akajitupa. Akapiga tumboni mwangu mara mbili, kwa nguvu, kanga ikaruka.

Kabula akatazama tumbo langu.

Nikaweka mkono pale nikacheka. Nikasema, "Mtoto anacheza."

Yeye alikuwa amezaa. Anajua mtoto wa miezi miwili hachezi. Hata mimi siku hizi najua, siku ile sikujua, nilisema lililonijia. Alinitazama usoni kwa muda. Nikasikia kunguru, nikasikia nzi, nikasikia yule samaki akipumua juu ya ngozi yangu. Nilikuwa bado naweza. Ningefungua kanga pale pale, nikasema, "Dada, shetani amenishika, huyu hapa." Angenipiga kofi moja akacheka akafunika mdomo, tungemkata vipande viwili, na kichwa angepewa Milembe. Njia ilikuwa fupi kuliko upana wa majani yale.

Akasema tu, "Mtoto wako ana haraka."

Kisha akachukua perege mmoja kutoka fungu lake, akamweka kwenye langu. Akasema, "Mwenye mimba haongezwi maneno, anaongezwa mboga." Akajitwika kapu akashika njia ya kwao.

Ndivyo nilivyokusingizia kabla hujazaliwa. Uongo wangu mkubwa nimekuvika wewe ulipokuwa mdogo kama punje ya kunde.

Nyumbani bibi yako alipomwona kambare alipiga makofi. "Leo umekuwa mke," alisema. Tulimchemsha, mchuzi ukawa mzito kama nilivyouota. Nikala kwa pupa. Na kabla sijanawa mikono nikakimbilia nyuma ya zizi, nikatapika wote, mpaka nyongo. Mbwa akaja akala. Hicho ndicho nilichopata kwenye samaki yule.

Mvua zilianza wiki tatu baadaye. Milembe akashikwa na kuhara, akaishi siku mbili tu. Sikwambii kwamba kambare wangu angemwokoa. Nimemuuliza nesi miaka mingi baadaye, kwa kuzungukazunguka, akaniambia samaki mmoja hamponyi mtoto aliyefika pale. Nimemwamini. Lakini kuna usiku simwamini, na usiku huo nahesabu vipande: kichwa, mkia, vile viwili vya katikati, mchuzi. Siku nne, labda tano, za kumpa mama nguvu ya kumtazama mwanae akila.

Kwenye msiba nilikwenda na unga, nikakaa na wanawake. Kabula alikuwa amekaa chini, macho makavu. Nilipompa mkono, aliushika, akaugeuza, akatazama kidole gumba. "Kimepona?" akauliza. Nikasema, "Kimepona." Aliniuliza juu ya kidonda changu, yeye ambaye kaburi la mwanae lilikuwa bado tope. Na mimi nilimjibu juu ya kidole.

Baada ya hapo sikuweza kwenda kwake. Hapa nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonigharimu kuliko samaki. Yeye hakuniacha. Alinipitia kwenda kisimani, nikawa namwambia bibi yako aseme nimeshakwenda. Nilijificha nyuma ya ghala nikimsikia anaita, "Mwangaluka, mayu!" Mtu uliyemkosea anakuwa mzito kumwona, na uzito ule unaugeuza unaufanya kosa lake. Nilianza kujiambia ana maringo. Nilianza kujiambia amenitazama vibaya. Alipohama kumfuata mumewe kwenye machimbo, nilishusha pumzi, na nilipoona nimeshusha pumzi nikajiogopa.

Ulipozaliwa, bibi yako akasema uitwe kwa jina la shangazi. Nikakataa, mara ya kwanza kumkatalia jambo. "Kabula, mwezi wa sita? Mvua iko wapi?" akauliza. Nikasema nimeota. Nilidhani nikilitamka jina lile kila siku nitazoea. Sikukumbuka kwamba desturi yetu ingenipa na mimi jina hilo. Tangu siku ile hakuna anayenisalimu bila kunitajia. Mama Kabula, shikamoo. Mama Kabula, leo umeamkaje? Mama Kabula, nina chumvi naomba. Miaka kumi na minne.

Nilimwona mara moja tu. Ulikuwa darasa la tatu. Nilikwenda Bulyanhulu, baba yako alikokuwa amehamia kutoka Geita, kumpelekea chakula, na kati ya maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoita mashimo yao, kulikuwa na banda la nyasi mwanamke anapika. Nilijua mgongo wake kabla hajageuka. Alikuwa amekonda, mwanya upo. Hakushangaa. Alinikalisha, akapakua ugali, akainua kifuniko cha chungu, akachagua kwa mwiko muda mrefu, akaniwekea kipande kikubwa kuliko vyote. Kambare.

"Kula, mayu," akasema. "Yule mwenye haraka hajambo?"

Basi alijua, na alikuwa amejua siku zote.

Nikasema, "Hajambo. Anaitwa Kabula."

Akaacha mwiko. Akafuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja. Akainua kiganja kama wa kufunika mdomo, akakishusha. "Kwa nini umempa langu?"

Alinifungulia mlango, mwanangu, akanishikia. Wachimbaji walikuwa wanapiga sahani, "Mama, ugali! Mama, tunakufa huku!" Na mimi nikasema, "Nililipenda tu."

Akatikisa kichwa pole pole. "Haya," akasema, akarudi kwenye chungu. Nilipoondoka nikamwambia nitarudi tuongee. Akasema, "Utanikuta."

Nilirudi kiangazi cha mwaka uliofuata, na kambare wakavu kumi kwenye kapu. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nikiyasema kwa sauti mpaka wenye ng'ombe wakadhani nimechanganyikiwa. Pale kwenye banda nilimkuta mwanamke mwingine. Akaniambia yule wa zamani alishikwa na homa wakati wa mvua, hakumaliza wiki. Alinionyesha kwa kidole, tuta dogo karibu na kichuguu, majani yameota. Nikakaa pale na kapu langu. Nikayasema yote, kila neno. Nikwambie nini? Hakuna aliyefunika mdomo akacheka.

Sasa nirudi kwako.

Sijui kwa nini uliliweka daftari lile chini ya godoro. Naweza kukisia. Shule ilijulikana itatoa msichana mmoja, wawili kwa bahati kubwa, na Minza hesabu anaziona kama wewe unavyoona njia ya nyumbani. Labda uliliazima, ukachelewa kulirudisha, ukaanza kuogopa. Sitakuuliza. Wala usinijibu mimi, si langu. Na sisemi ndilo lililomwangusha Minza. Kama nisivyosema kambare ndiye aliyemuua Milembe. Hilo hatutalijua, na wewe utalazimika kuishi na kutolijua, ni zito kuliko kujua, nakuhurumia kwa hilo kuliko kwa yote.

Ninachokijua ni kwamba Minza amekuja mara mbili wiki hii kukuaga, na mara zote mbili umeingia ghalani ukaniachia mimi niseme umekwenda kisimani. Nilidhani unaona haya kwa kuwa wewe umechaguliwa na yeye hapana. Nilikuhurumia, nikakusaidia kusema uongo. Jana aliondoka, akageuka pale kwenye mti wa mgunga, akatazama ghala. Watu hawa wanajua, Kabula. Wanakaa na jambo wanakungoja. Wanakuongeza samaki kwenye fungu lako, wanakungoja. Halafu siku moja hawapo.

Shule utakwenda. Usije ukanilia hapa ukasema huendi, hiyo ni njia nyingine ya kukimbia. Nafasi ile haiwezi kukatwa vipande viwili. Lakini daftari linarudi kwa mwenyewe, na linarudi na mdomo wako. Anaweza kukupiga. Anaweza kufunga mlango. Mama yake anaweza kuja hapa kupiga kelele mbele ya bibi yako, nami nitamkaribisha kiti. Hayo yote yanapita. Ninalolijua mimi ndilo lisilopita.

Nataka nikwambie na kosa la leo, leo hii. Nilipoanza kuandika, nilikuwa nimepanga barua hii niitie chini kabisa ya sanduku, chini ya blanketi na michembe, daftari likiwa ndani yake. Ungeikuta bwenini, mbali, ukalie peke yako, na mimi nisikuone uso. Nilikuwa nimeshainua blanketi. Kisha nikaona mikono yangu inavyokunja, inavyofunika, inavyoweka cha juu juu ya cha chini, nikaijua mikono hiyo. Ningekuwa nimefunga samaki mwingine kiunoni.

Kwa hiyo sanduku nimelifunga bila barua. Nitakupa mkononi, sasa hivi, ukifika.

Nasikia sauti yako njiani, unacheka na bibi yako, amekusindikiza. Jua bado halijagusa mgunga. Kwa kina Minza ni mwendo wa chungu cha maharage kuchemka, kwenda na kurudi. Nikishakupa karatasi hizi na daftari nitachukua ndoo niende kisimani, nisikusimamie kichwani. Nikirudi sitaangalia kwanza kama daftari lipo. Nitawasha moto. Kuna kambare wakavu wa sokoni, nimewaloweka tangu mchana. Minza akikubali, njoo naye, ale kichwa. Asipokubali, njoo peke yako, nitakupakulia vilevile.

Ni mimi,
Mama Kabula